Nywele za Mwamini

Nyinyi mlioichukua kazi yangu ya ukalimani hapa Kasongo mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tunafanya. Mshahara sitautaja, mtacheka bure. Vyeo sikupata. Mkalimani hana cheo, ana kiti, na mara nyingi hata kiti hana: anasimama katikati ya watu wawili waliokaa. Nitaandika ninayoyakumbuka. Nimeyapitia mara mbili, kama ninavyopitia kila kitu, na mara ya pili hayakuwa mazuri zaidi.

Kabla ya hapo nilikuwa mchuuzi. Nilipeleka sabuni, chumvi na nguo kuukuu kutoka Kasongo hadi Kabambare, kwanza kwa baiskeli, kisha kwa pikipiki ya kuazima. Kiingereza nilikipata ukimbizini, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, siku tulizokimbia vita. Mtu anayepanga foleni ya maharage na anataka kuongezewa kikombe hujifunza lugha ya mwenye kikombe haraka kuliko mwanafunzi yeyote. Niliporudi nyumbani, mashirika yakaja na wageni wasiojua Kifaransa wala Kiswahili. Wakauliza nani anajua Kiingereza. Nikaacha sabuni juu ya meza, nikaenda.

Siku ya kwanza walinipeleka Nyangwe, kwenye mkutano na wavuvi wa Lualaba. Nilidhani kazi ni kama soko: unamwambia huyu hivi na yule hivi, mpaka wote wawili waondoke wakidhani wamepata. Mgeni akasema safari hii hakuna nyavu. Mimi nikasema nyavu zinatafutwa. Watu wakapiga makofi. Mgeni akashangaa sana kuona habari mbaya inapigiwa makofi. Nyuma yangu alikuwa amekaa Mama Yohari, mkalimani aliyenitangulia, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Akasimama, akawaambia wavuvi ukweli, akakaa. Makofi yakaisha.

Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Uko muongo muzuri, papa. Lakini hapa hatuuzi kitu."

Yeye ndiye aliyenifundisha, na nyinyi mkinisifu kwa lolote, msifuni yeye. Alinifundisha kufunga kamusi katika mfuko wa plastiki na kuivaa tumboni, maana mvua ya barabara ya Kabambare inaingia hata mahali ambapo huna mfuko. Alinifundisha kula kabla ya mkutano, kwa kuwa mwenye njaa anafupisha maneno ya watu. Alinifundisha kurudia kila namba mara mbili kwa sauti. Hilo sikuhitaji kufundishwa. Na alikuwa na mchezo wake wa jioni, tukisubiri fundi amalize kushona tairi: anachukua maneno ya Kiingereza yanayofanana, anayapanga kama bidhaa, na mimi niseme lipi linauzwa kwa nani.

Jioni moja alipanga maneno ya mtu asiye nadhifu. Dirty nililijua, ni uchafu, unaosha unaisha. Shabby ni la nguo iliyochakaa, na mwenye nguo hiyo anaweza kuwa ameifua na kuinyoosha vizuri kabisa. Ni neno la umaskini. Messy ni la chumba au meza, au watoto wakishakula maembe. Akabakiza moja, unkempt.

"Hili linaanzia kichwani," akasema. "Zamani kwao lilikuwa na maana ya nywele zisizochanwa. Halafu likateremka mpaka kwenye nguo, kwenye ndevu, likaingia hata kwenye shamba lenye majani."

"Basi ni mchafu tu."

"Hapana. Mchafu anaweza kuwa ametoka kazini sasa hivi. Huyu hakuna aliyemshughulikia, hata yeye mwenyewe. Ukisikia mgeni analisema, jua anauliza kitu: huyu mutu ana nani?"

Nililiweka. Sikufikiri ningelihitaji, maana kati ya Kasongo na Kabambare, baada ya siku mbili za matope, kila aliyeshuka kwenye pikipiki angeweza kuitwa hivyo, mgeni mwenyewe akiwa wa kwanza.

Mama Yohari alipostaafu, nikabaki peke yangu na shirika moja ambalo sitalitaja. Kazi yake ilikuwa kurudisha kwa ndugu zao watoto waliopotezana na wazazi wakati wa kukimbia. Watoto walikaa Kasongo katika familia za kuwahifadhi. Sisi tulizunguka vijijini kutafuta mjomba, nyanya, mama mkubwa, yeyote. Aliyetuongoza wakati huo aliitwa Hannah. Watu walimwita Madamu Hana. Alikuwa mtu mzuri. Ninaliandika mapema kwa sababu nikiendelea mnaweza kudhani vingine.

Tulikuwa na mtoto mmoja anaitwa Furaha, wa umri wa kuanza shule, mama yake amekufa porini. Alijua jina moja tu la ndugu: Mama Mwamini, dada mkubwa wa mama yake. Tukamtafuta Mwamini miezi mingi, tukampata katika kijiji kimoja upande wa pili wa mto Luama, mwendo mfupi kutoka Kabambare mjini. Nilifurahi kama mtu aliyeuza gunia la mwisho.

Tulimkuta amekaa kwenye mkeka ndani ya nyumba yenye giza. Bwana yake alikuwa amekufa. Alivaa kikwembe kimoja kilichopoteza rangi, miguu mitupu, na nywele zake zilikuwa zimesimama na kushikana, zina majivu na nyuzi za mkeka. Hannah alimsalimia vizuri, kisha akanigeukia.

"She's very unkempt," akasema kwa sauti ya chini. Halafu akaniuliza kama huyu mama ana mtu wa kumwangalia, na kama kweli ataweza kulea.

Ilikuwa vilevile alivyosema Mama Yohari. Neno limetoka na swali lake mgongoni.

Mwamini akaniuliza, "Muzungu anasema nini?"

"Anauliza habari ya nywele zako, mama."

"Mwambie haziko zangu. Ziko za bashemeki."

Bashemeki ni ndugu za marehemu. Kwa ukoo ule, mwanamke aliyefiwa anakaa kwenye mkeka, hapiki, halimi, habebi mtoto, hachani nywele, mpaka ndugu za bwana yake wakusanyike, wampeleke mtoni, wamwoshe, wamnyoe, wamvike kikwembe kipya. Siku hiyo anakuwa mtu huru na nyumba ni yake. Akijichana mwenyewe kabla, amesema mbele ya watu wote kwamba kifo kile hakimhusu.

"Kila asubuhi wifi yangu anakuja," Mwamini akaendelea. "Ananiletea uji, anaangalia nywele, anaangalia kama nimekula, anaenda. Jioni anakuja mwingine. Sijakaa siku moja peke yangu."

Nikayatafsiri yote. Nikaongeza langu, jambo ambalo nyinyi msilifanye bila kusema kwamba ni lenu: nikamwambia Hannah kwamba neno lake halikai hapa. Kichwa kile hakijachanwa kwa sababu ukoo mzima unakishughulikia. Hannah akauliza maswali mengi, akaelewa. Nimeshafanya kazi na wengi wasiouliza hata moja.

Lakini kuelewa kwake hakukutosha. Wakubwa wake walikuwa mbali, na walichotaka ni picha ya mlezi na jibu la swali moja: je, yuko tayari leo kumpokea mtoto? Mwanamke asiyeruhusiwa kupika wala kubeba mtoto, leo hayuko tayari. Hilo hata mimi sikuweza kulipunguza. Na familia za kuhifadhi Kasongo zilikuwa zinafungwa. Watoto wasio na mlezi aliyekubaliwa walikuwa wanapelekwa kituo cha Kindu mwisho wa mwezi ule, na kutoka Kindu hakuna aliyejua wangepelekwa wapi.

"Watakuosha lini?" nikamuuliza Mwamini.

"Baada ya kuvuna mpunga. Bila mpunga watakulisha watu nini?"

Mpunga ulikuwa bado kijani.

Basi nikafanya ninachokijua. Kaka mkubwa wa marehemu aliitwa Papa Kalonda, na tulijuana tangu siku za sabuni. Aliwahi kunikopa na kunilipa, na sifa hiyo siwapi wengi. Nilimkuta anasuka mtego wa samaki. Nikaanza mbali, kama inavyotakiwa: mvua, magoti, bei ya chumvi. Akaniacha nizunguke. Nilipofika penyewe hakuinua kichwa.

"Zamani uliniuzia sabuni," akasema. "Leo unataka nikuuzie kilio?"

"Nataka ukisogeze tu, papa. Wiki tatu. Mtalisha watu kwa mihogo."

"Ndugu yangu alizikwa watu wakala mihogo, kwa sababu ilikuwa ghafla. Aoshewe mke kwa mihogo tena? Watasema Kalonda alikuwa na haraka."

"Wiki tatu za mkeka zilizobaki, nani anazihesabu?"

"Wewe unazihesabu. Ndiyo maana umekuja." Sasa akanitazama. "Bapwa zangu, watoto wa dada, wawili wako Salamabila kwenye machimbo, mwingine Kibombo. Wasipokuwepo, huyu mwanamuke hajaoshwa, amelowa maji tu. Kesho mmoja akiumwa, watasema ni yeye. Mimi ninamlinda, na wewe unaniona ninamfunga."

Nilijaribu kwa mbuzi. Nilijaribu kwa padri. Nilijaribu kwa ndugu mmoja badala ya watatu. Mtu akiwa anataka bei kubwa, unaona, jicho linakimbia. La Kalonda halikukimbia. Hakuwa na bei.

Nikarudi kwa Hannah, nikajaribu upande wake. Nikaomba mwezi mmoja. Akasema mwezi si wake. Nikaomba apeleke picha ya mgongo. Alicheka kidogo, halafu akafunika macho kwa kiganja. Alikuwa ameandika ujumbe mara mbili kwa wakubwa, akaeleza kilio, akaeleza mpunga, na mara zote mbili jibu lilikuwa la adabu.

Wote wawili walikuwa na haki. Hiyo ndiyo kesi ngumu ya kazi hii. Mwongo utamkamata, mwenye tamaa utampa kitu, lakini ukisimama kati ya watu wawili wenye haki hakuna hata mlango wa kugonga.

Nikaenda kumweleza Mwamini. Sikumpamba neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mtoto ana kovu hapa, juu ya nyusi. Nikasema analo. Akasema alianguka kwenye kinu siku alipojifunza kutembea, yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga kidonda.

Asubuhi yake, jua likiwa limeshapanda na watu wote wametoka nje, akasimama kutoka kwenye mkeka. Hakupita nyuma ya nyumba. Alipita njia kubwa, mbele ya Kalonda, na wifi yake akimfuata huku ameshika bakuli la uji, anamwambia, "Mama Mwamini, rudi. Rudi, yaya, dada yangu, bado hawajakuona vizuri." Alifika mtoni, akaoga, akachana. Zilikuwa zimeshikana mno. Alikaa pale muda mrefu, na sisi wote tulisimama mbali kama watu wanaotazama nyumba inaungua. Wifi aliweka bakuli chini, akakaa, akalia. Hakumgusa.

Hannah akapiga picha. Ni picha nzuri. Mwanamke nadhifu, kikwembe cha kuazima, anatazama mbele.

Jibu lilikuja kabla ya mwisho wa mwezi: amekubaliwa. Nilimleta Furaha mwenyewe kutoka Kasongo, amekaa kati yangu na dereva, analala, anaamka, anauliza tumefika. Mwamini alitupokea barabarani. Hakulia, wala mtoto hakulia. Alilipapasa kovu lile kwa kidole, akamweka mgongoni, wakaanza kutembea. Ningependa kuishia hapo. Wengi wangeishia hapo, hata ripoti iliishia hapo.

Tulipofika nyumbani kwake, mkeka wake ulikuwa nje. Umekunjwa vizuri, umefungwa kamba, umewekwa kando ya njia pamoja na sufuria zake na jembe. Papa Kalonda alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba ile.

"Hatumfukuzi," akaniambia. "Andika hivyo kama unaandika. Yeye alitoka. Mimi siwezi kumwingiza mutu ambaye kilio chake hakikuisha."

"Ana mtoto, papa."

"Namwona mutoto. Iko mutoto muzuri." Akainama, akaokota majani kwenye kizingiti, akayatupa. "Kama angengoja, wote wawili wangekaa humu."

Hilo lilikuwa kweli, na pia lilikuwa si kweli, maana kama angengoja mtoto angekuwa Kindu. Nilitaka kumwambia. Alikuwa analijua.

Mwamini alikaa kwanza kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani. Kulima hakuweza, shamba ni la ukoo. Wifi yake alipokutana naye kisimani alisubiri ateke, aondoke, ndipo asogee. Hakukuwa na tusi. Watu walimwacha tu. Kabla ya mvua kubwa akabeba mtoto na sufuria, wakaenda Salamabila, ambako hakuna anayekuuliza kama umeoshwa.

Sheria ya shirika ilikuwa kumtembelea kila mtoto aliyerudishwa, mara moja baada ya misimu kadhaa. Zamu ya Furaha ilipofika, tukaenda Salamabila, Hannah na mimi. Tulisukuma pikipiki zaidi ya kuzipanda. Tuliuliza kwa wanawake wanaotwanga mawe. Wachimbaji wanatoa mawe shimoni, wanawake wanayatwanga kwenye vinu vya chuma mpaka yawe unga, unga unaoshwa, dhahabu ikipatikana inakuwa ya wengine. Wakatuelekeza kwenye kibanda cha turubai cha mwisho.

Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, Furaha kati ya magoti yake, anamsuka. Mtoto alikuwa safi. Miguu imepakwa mafuta, gauni limefuliwa, upande mmoja wa kichwa umeshasukwa, njia zimenyooka. Mwamini mwenyewe alikuwa mweupe kwa vumbi la mawe kuanzia kichwani hadi mikononi. Vumbi lilikuwa limeshikana na jasho, nywele zimekuwa kama tope lililokauka, hata kope. Kikwembe kimechanika begani na hakikushonwa. Alikuwa amekonda vibaya. Nilitazama ndani ya kibanda mara mbili: sahani moja, kikombe kimoja, mkeka uleule.

Hannah alisimama. Hakuwa ananiambia mimi, nadhani, lakini lilimtoka lile neno lake la zamani, polepole.

Mwamini hakuacha kusuka. "Amesema nini?"

Ningeweza kusema anakusalimia. Kwa mwanamke yule, siku ile, ningeweza kusema chochote. Nikamjibu kama nilivyofundishwa.

"Anasema hakuna mutu anakushughulikia, mama."

Alifikiri, ananyoosha uzi kwa meno.

"Mwambie leo ameona vizuri."

Nikamwambia. Hannah akachuchumaa mbele yao, akaanza kueleza, na mimi nyuma yake, sentensi kwa sentensi. Kwamba mtoto amelelewa vizuri sana, anaona kwa macho yake. Kwamba kuna sheria, mtoto wa shirika haruhusiwi kuishi kwenye machimbo, hata siku moja. Kwamba kama Mwamini angeweza kurudi kijijini, hata kesho, angemwachia.

"Nirudi kwa nani?" Mwamini akauliza.

Hilo nililitafsiri pia. Nikagundua nilikuwa nasubiri Hannah aseme kitu ili nipate kazi. Mwisho akasema lazima twende na mtoto leo, kabla ya mvua, na kwamba Kindu kuna nafasi. Sauti yake ilikatika mahali. Yangu niliishikilia, ndivyo kazi ilivyo.

Furaha akainua macho. "Naenda wapi, mama mukubwa?"

"Inama, kichwa kisitikisike." Akamrudishia kichwa magotini. Kisha akaniambia mimi, "Mwambie angojee. Nimalize upande huu. Hatatoka hapa kwangu nusu-nusu."

Hannah alielewa kabla sijafungua mdomo. Akakaa chini, palepale kwenye mawe, na dereva akazima pikipiki. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa barabara tuliyotakiwa kuipita. Mwamini akagawa nywele kwa ncha ya kichanuo, akashika fungu dogo, dogo kabisa, akaanza. Sijawahi kuona mtu anasuka polepole namna ile. Hakuna aliyemhimiza.